Kompyuta Isiyojua Shikamoo

Katika nyumba hii, asubuhi huanza kwa sauti ya patasi. Tak. Tak. Tak.

Mwenye patasi ni Mama Jiwe. Kazi yake ni kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi. Mtaa ndio uliompa jina hilo, naye hakukasirika.

"Wateja wangu ni watulivu," husema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

Kazi alifundishwa na mumewe. Mume alichora herufi kwenye kompyuta, akazichapa kwenye karatasi. Mke alibandika karatasi juu ya jiwe, akachonga kwa kufuata mistari. Watu walizipenda herufi za yule bwana. Kila moja ilikuwa na kimkia, kama jani linalotaka kudondoka.

Mwaka jana bwana aliugua kifua. Hakupona.

Sasa uani kuna mawe kumi na moja. Kumi yana majina. La kumi na moja ni tupu. Hilo ni la bwana mwenyewe.

"Mbona humalizi jiwe la mumeo?" majirani humuuliza.

Jibu la Mama Jiwe ni moja. Kila alipobuni herufi mpya, mumewe alizijaribu kwa kuandika jina lake mwenyewe. Mchoro wa mwisho, ule mzuri kuliko yote, umo ndani ya kompyuta. Mama Jiwe anautaka huo. Lakini kila akiufungua, kompyuta inasitasita, kisha inaufunga yenyewe. Ni kama mkono wa mtu unamfungia mlango usoni.

Kompyuta ile ipo katika chumba kidogo kando ya uani. Ni ya zamani. Juu ya skrini yake kuna kamera ndogo, sawa na ukucha wa kidole gumba. Tangu bwana afariki, hakuna aliyeizima kwa mkono hata siku moja. Bibi, mama wa marehemu, amekataza.

"Mkiizima," alisema, "mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Nani angebishana na mama aliyefiwa?

*

Kila siku saa kumi alasiri, Bibi huchukua kiti chake, huingia chumbani na kufunga mlango. Kisha sauti yake husikika, ya chini, ya upole. Huzungumza kidogo. Hunyamaza. Huzungumza tena. Ni kama mtu anayejibiwa.

Mama Jiwe huacha patasi na kusikiliza. Nywele za mikono yake husimama.

Kwanza ilianza sauti. Kompyuta ilikuwa ikikoroma, hasa mchana wa joto, kama mgonjwa wa kifua. Bibi alisema, "Mnasikia? Ni pumzi yake."

Kisha ikaja tarehe. Siku moja umeme ulikatika. Uliporudi, kompyuta ikawashwa tena, ikaonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma. Mama Jiwe akairekebisha. Umeme ukakatika tena, tarehe ikarudi kulekule. Bibi alihesabu kwa vidole. "Siku hiyo mwanangu alikuwa hai," alisema. "Mashine inarudi alipo."

Halafu, miezi mitatu iliyopita, mshale mdogo kwenye skrini ukaanza kutembea. Hakuna aliyegusa kipanya. Ulitembea polepole, ukasimama, ukatembea tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Ukafungua ukurasa mweupe. Maneno yakajiandika.

MAMA

Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Mwanawe ndiye aliyemfundisha, herufi moja kila jioni. Neno hilo alilisoma bila shida. Alilia mpaka khanga ikalowa.

Mama Jiwe hakuamini. Lakini hakuthubutu kukana pia. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

*

Jumanne moja, Mama Jiwe aliingia chumbani kutafuta rula. Bibi alikuwa amekwenda kunawa. Ukurasa mweupe ulikuwa wazi. Kwenye skrini kulikuwa na maneno haya:

MKE WANGU ANATOKA SAA NGAPI KESHO

Mama Jiwe aliyasoma mara mbili.

Bibi akarudi akijifuta mikono.

"Mama," Mama Jiwe alimwita mkwewe, "ulimjibu nini huyu?"

"Nilimwambia ukweli. Jumatano unapeleka mawe makaburini. Na mimi nakwenda kliniki. Nyumba inabaki tupu mpaka jioni."

"Mama, Jumatano ya kupeleka mawe ni nani aliyeipanga?"

"Ni mumeo."

"Basi mbona anauliza?"

Bibi akaketi taratibu. Nyuma yao kompyuta ilikoroma.

Mama Jiwe hakungoja. Alikwenda nyumba ya tatu kumwita Bisibisi.

*

Bisibisi ni mwanamke wa miaka thelathini hivi. Anatunza kompyuta za zahanati. Jina lake halisi watu wamelisahau, kwa sababu haonekani bila bisibisi. Huichomeka nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.

"Hodi! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Bisibisi akasimama mlangoni, akatega sikio. "Nani anakoroma humu?"

"Si wa kuchekwa huyo," Bibi akamwonya.

"Sicheki, Bibi. Naomba nitazame tu." Akapitisha kidole kwenye matundu ya sanduku la kompyuta. Kidole kikatoka cheupe. "Huu ni unga wa mawe. Ndani kuna feni ya kupoza mashine. Imekula unga mwaka mzima. Hata mimi ningekoroma. Joto likizidi, hata mchoro mzito inashindwa kuushika."

"Na tarehe?" Bibi akauliza kwa ukali.

"Ndani kuna betri ndogo, kama kifungo cha shati. Ndiyo inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kompyuta inasahau leo ni lini."

Bibi akakaza macho. "Sawa, fundi. Na mshale? Mshale nao una unga?"

Bisibisi alitaka kujibu. Hakuwahi.

Taa ndogo ya kijani kando ya kamera iliwaka.

Nje kunguru alilia mara moja. Mshale ukaanza kutembea. Ukafika kwenye ukurasa mweupe.

MAMA UPO

"Nipo, mwanangu," Bibi akanong'ona.

HUYO MGENI NANI

Bisibisi alisogea taratibu mpaka ukutani, mahali ambapo kamera haiwezi kumwona.

Maneno yakaja upesi zaidi.

AMEENDA WAPI

Bisibisi akatoa simu yake. Akapiga picha ya skrini.

Bibi alikuwa ameinama mbele ya skrini. Alimtazama Bisibisi, akaitazama kompyuta. Kisha akasema polepole, kama mtu anayeamka:

"Mtoto wa watu amepita mlangoni sasa hivi. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa shikamoo. Wewe miezi mitatu unaniita mama. Mbona hujawahi kuniamkia?"

Neno moja likatokea.

NINI

Bibi akasimama. Kiti kikaanguka.

"Mwanangu siku ya mwisho hakuwa na pumzi ya kunywa maji. Lakini aliitafuta pumzi, akaipata, akanipa shikamoo. Wewe ni nani?"

Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Ilimkodolea Bibi kama jicho lisilopepesa. Kisha herufi zikaja, moja moja.

KAA CHINI BIBI

Bisibisi aliruka. Alishika waya wa intaneti uliokuwa nyuma ya kompyuta, akauchomoa.

Mshale ukaganda. Taa ya kijani ikazimika.

Sasa ule mkoromo ulisikika kama kitu kidogo tu, cha kawaida.

"Haya," Bisibisi akasema. "Mzimu gani unakatika kwa kuchomoa waya?"

*

Walikaa uani, katikati ya mawe. Mama Jiwe alimpa Bibi maji.

"Yule ni mtu hai," Bisibisi akaeleza. "Sijui yuko wapi. Anaweza kuwa mbali, anaweza kuwa mtaa wa pili. Ameingia kwenye kompyuta yenu kupitia intaneti. Anawaona kwa kamera. Anawasikia kwa kipaza sauti kilichomo kwenye kamera hiyo."

"Aliingiaje?" Mama Jiwe akauliza. "Mlango wa chumba nafunga kwa ufunguo."

"Dada, hakupita mlangoni. Kila kompyuta ina mfumo endeshi. Hiyo ni programu kuu, inayoamrisha nyingine zote. Fikiria nyumba. Mfumo endeshi ni kuta na milango. Kila mara wezi wanagundua tundu jipya. Waliotengeneza mfumo wanaliziba, wanawatumia kiraka. Mfumo wenu ni wa zamani sana. Siku hizi hakuna anayeutengenezea viraka. Matundu yamebaki wazi." Akafikiri kidogo. "Miezi mitatu iliyopita, mlipokea kitu kutoka kwa mtu msiyemjua?"

Mama Jiwe akashika kichwa.

Alikumbuka. Ilikuwa barua pepe. Mtu alisema amefiwa, anataka jiwe. Jina la marehemu liko kwenye faili, alisema, tafadhali lifungue. Mama Jiwe alilifungua. Hakuona jina lolote. Skrini ilimeta mara moja tu. Alimwandikia yule mfiwa kumpa pole. Hakujibiwa.

"Ungefanyaje, Bisibisi?" akauliza. "Mtu anakwambia amefiwa. Utamwambia kwanza thibitisha?"

"Ndiyo maana alichagua maneno hayo. Aliijua kazi yenu. Faili la mgeni usilifungue kabla hujampigia, ukamsikia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bibi akasema. Alikuwa akiutazama mlango wa chumba. "Nimemwambia mambo yote ya nyumba hii. Yote."

Mama Jiwe akajifunika khanga mabegani, ingawa jua lilikuwa kali.

"Heri angekuwa mzimu," akasema.

Jioni ile walibadilisha kitasa cha mlango. Walikwenda kituo cha polisi na ile picha ya skrini. Kwa simu ya Bisibisi, Mama Jiwe alibadilisha nywila ya barua pepe yake. Nywila ni neno la siri la kuingilia. La zamani lilikuwa jina la mumewe, jina ambalo Bibi alikuwa akilitaja kila siku mbele ya kamera.

*

Jumatano Mama Jiwe hakwenda makaburini, wala Bibi kliniki. Saa tatu asubuhi Bisibisi alifika na mkoba.

"Leo tunaweka mfumo mpya," akasema. "Unaitwa Linux. Unafanya kazi vizuri hata kwenye mashine kongwe kama hii. Na viraka vyake vinakuja kila mara."

"Bei gani?"

"Bure."

Mama Jiwe akacheka kwa mashaka. "Cha bure huwa kina mwenyewe. Si cha wizi?"

"Ni bure kwa haki, dada. Wanaoutengeneza ni watu wengi wa nchi nyingi. Wameruhusu kwa maandishi kila mtu autumie, aunakili, ampe mwenzake. Ila uchukue kwenye tovuti ya wenyewe, si popote. Mimi niliuchukua juzi nilipohudumia zahanati. Nikalinganisha namba yake ya uhakiki na ile iliyo kwenye tovuti yao. Namba zikilingana, ujue hakuna aliyechezea faili njiani." Akaonyesha flashi, ndogo kama kidole cha mtoto. "Umo humu."

Bibi alikuwa mlangoni. Hakutaka kuingia.

"Mkiweka huo mpya," akauliza, "wa zamani unakwenda wapi?"

"Unafutwa, Bibi. Wote."

"Na michoro ya mwanangu?"

"Tusipoitoa, inafutika nayo. Ndiyo maana hatuanzi kwa kufuta. Tunaanza kuhamisha vyombo, kisha tunabomoa nyumba."

Bisibisi alichomeka diski ya nje, kisanduku cha kuhifadhia nakala. Waya wa intaneti ulibaki umechomolewa.

"Tunachukua michoro na picha tu," akasema. "Programu hatuchukui hata moja. Mwizi hujificha humo."

Michoro ilikuwa mia mbili na zaidi. Kila mmoja ulikuwa na jina la marehemu. Mama Jiwe aliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, ili asiruke hata moja. Chumba kilijaa wafu. Kila jina lilipotajwa, Bibi alijibu kutoka mlangoni, "Apumzike." Ilikuwa kama darasani wanapoita majina, ila hapa waliitwa wasioweza kuitikia.

Akafika kwenye jina la mumewe. Sauti ikakatika. Bibi akalitaja yeye.

Chini kabisa kulikuwa na faili moja. Halikuwa na jina. Mahali pa jina palikuwa wazi.

"Na hili?" Mama Jiwe akauliza.

Bisibisi akalitazama kwa muda. "Hilo ndilo mlango wake. Hilo tunaliacha lizikwe humuhumu."

Kisha akachomeka diski kwenye kompyuta yake ya mkononi, akaikagua kwa programu ya kutafuta virusi. "Nakala ambayo hujaifungua si nakala," akasema. "Ni matumaini tu." Akafungua mchoro wa jina la bwana. Herufi zikatokea, kila moja na kimkia chake. Haukufungwa na mkono wowote.

Mama Jiwe akageuka ukutani, akafuta macho kwa kiganja chenye vumbi.

*

Walizima kompyuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuizima kwa mkono. Ukimya ulikuwa mzito hata wakausikia. Bibi aliweka mkono kifuani, akangoja. Hakuna kilichotokea.

Waliibeba nje. Bisibisi alifungua sanduku na kupiga vumbi kwa brashi laini. Wingu jeupe likapaa, likatanda juu ya mawe. Akaweka betri mpya ya saa.

Walipoirudisha, akachomeka flashi. "Sasa washa, dada. Halafu bonyeza kitufe hiki cha juu, bonyeza tena na tena. Tunaiambia kompyuta ianzie kwenye flashi, isianzie kwenye diski yake. Kitufe hutofautiana. Skrini hukuambia ni kipi."

Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Mama Jiwe aliona uso wake mwenyewe ndani ya kioo, na uso wa Bibi juu ya bega lake.

"Imekufa?" Bibi akauliza.

"Mashine kongwe haina haraka."

Rangi zikajitokeza. Ukurasa mpya, safi.

"Hapa bado hatujafuta kitu," Bisibisi akasema. "Mfumo unatembea kutoka kwenye flashi. Tunaujaribu kwanza. Kipanya kinatii? Kibodi? Sauti? Chapa kitu."

Mama Jiwe akasogeza kipanya. Mshale ukaenda kulia. Akauacha. Mshale ukatulia. Walisubiri, wote watatu, wakiukodolea macho. Haukutikisika.

"Sawa," Bisibisi akasema. "Chagua 'Sakinisha'. Yaani weka moja kwa moja."

Maswali yakaja, moja moja. Lugha. Kibodi. Saa za eneo. Kisha swali kubwa: ufute diski yote?

Mama Jiwe alinyoosha kidole.

"Ngoja!" Bisibisi akamshika mkono. "Diski ya nje umeichomeka wewe?"

"Nilitaka iwe karibu."

"Ichomoe upesi. Hapo kwenye orodha ziko diski mbili. Ukikosea, unafuta michoro yote. Wengi wamelia kwa kosa hilo. Kabla ya kufuta, ibaki inayofutwa peke yake."

Diski ikachomolewa. Kwenye orodha ikabaki moja. Mama Jiwe alinyoosha kidole tena. Kidole kikagoma.

Bibi akaingia chumbani. Akaweka kidole chake kikavu juu ya kidole cha mkwewe.

"Mimi ndiye niliyemkaribisha," akasema. "Nitamtoa mimi."

Akabonyeza.

Kazi ilichukua kama nusu saa. Mama Jiwe alitunga nywila mpya: maneno manne yasiyohusiana, yasiyo jina la mtu. Hakuyatamka. Waya wa intaneti ukarudishwa, na jambo la kwanza likawa kuvuta viraka vyote vipya.

"Kila ikikuambia kuna kiraka, kubali," Bisibisi akasema. "Jioni izime. Na hii..." Akakata kipande cha karatasi ya herufi, akakibandika juu ya kamera. Kikawa kama kope lililofumba.

*

Ilikuwa wiki mbili baadaye. Michoro ilikuwa imerudishwa kwenye kompyuta. Programu ya kuchora, nayo ya bure, ilifungua karibu yote. Miwili mitatu ilikataa, na Mama Jiwe aliichora upya. Jina la bwana lilichapika vizuri.

Alilichonga kwa siku nne. Tak. Tak. Tak. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Polisi walikuwa bado hawajampata yule mtu. Lakini nyumba ilikuwa na kitasa kipya, kompyuta ilikuwa na mfumo mpya, na alasiri zilikuwa zimetulia.

Siku jiwe lilipokamilika, saa kumi ilipofika, Bibi alichukua kiti chake. Hakuingia chumbani. Alikiweka uani mbele ya jiwe. Alisoma jina, herufi moja moja, kama alivyofundishwa. Kisha akazungumza, kwa sauti ya chini. Akanyamaza. Akazungumza tena.

Mama Jiwe aliweka patasi chini. Nywele za mikono zikaanza kumsimama, kwa mazoea.

"Mama," akaita. "Amesema nini?"

Bibi alikuwa akipitisha kidole kwenye kimkia cha herufi ya mwisho.

"Hajasema kitu," akajibu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alitabasamu. "Huyu ndiye wangu."